Kibali kipo, lakini kinaruhusu nini? Jirani na ujenzi wa ghorofa mtaani

Msingi wa ghorofa ukianza kuchimbwa katikati ya nyumba za kawaida, iwe Sinza, Magomeni au Tabata, majirani huulizana jambo moja kwanza: hawa wana kibali? Mmoja humwendea mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwenyekiti naye hupiga simu manispaa, na jibu hurudi kwamba kibali kipo. Habari huishia hapo. Malori ya mchanga yanaendelea kuziba njia, ufa unazidi kupanda ukutani kwa mama wa nyumba ya pili, na watu wanajiambia kwamba kama serikali imeshatoa ruhusa, mnyonge atasema nini tena.

Kwa maoni yangu swali hilo limetugharimu sana. Kibali cha ujenzi ni ruhusa ya kujenga kitu fulani, mahali fulani, kwa namna fulani. Kinahusu matumizi ya jengo, idadi ya ghorofa na umbali kutoka mipakani, na kinakwenda pamoja na michoro iliyogongwa muhuri. Mtu akijua kwamba kibali kipo bila kujua kinaruhusu nini, bado hajajua chochote kuhusu jengo linalopanda mbele ya macho yake.

Dar es Salaam tuna ushahidi mchungu wa jambo hili. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka lote na kuua watu 36. Baadaye ikaelezwa kwamba kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Yaani jirani ambaye angeuliza kama kuna kibali angejibiwa ndiyo, na jibu lingekuwa la kweli. Swali lililohitajika lilikuwa la ghorofa ngapi, na mtu yeyote aliyesimama ng'ambo ya barabara angeweza kuhesabu kwa kidole.

Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo. Safari hii jengo halikuwa jipya. Lilikuwa limesimama na kufanyiwa biashara kwa miaka, likiwa na maduka na watu ndani. Taarifa za awali zilieleza kwamba kulikuwa na kazi ya kupanua sehemu ya chini ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Zaidi ya watu 20 walifariki, wengine wengi waliokolewa kutoka chini ya vifusi baada ya saa nyingi za juhudi, na Rais Samia Suluhu Hassan akamwagiza Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aongoze ukaguzi wa majengo ya eneo lile. Kariakoo ilitukumbusha jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalipendi: kuvunja ukuta, kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya zamani, au kuchimba chini ya jengo lililopo navyo vinahitaji kibali chake. Kibali cha miaka 20 iliyopita hakifuniki kazi ya leo.

Karatasi zinazochanganywa

Sehemu kubwa ya ugomvi wa mitaani hutokana na watu kushika karatasi tofauti na kila mmoja kuamini kwamba yake ndiyo kibali.

Kuna barua ya serikali ya mtaa. Mtendaji au mwenyekiti anaandika kwamba anamtambua fulani kuwa mkazi na kwamba eneo halina mgogoro. Barua hiyo ina kazi yake, hasa kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, lakini ofisi ya mtaa haina mamlaka ya kuruhusu ujenzi. Kuna hati miliki, ofa au leseni ya makazi, ambayo inasema kiwanja ni cha nani na kimepangiwa matumizi gani. Nayo si ruhusa ya kujenga. Mwenye hati ya kiwanja cha makazi hawezi kusimamisha gesti au ghala kwa kusema tu ardhi ni yake. Lazima aombe kubadilisha matumizi ya ardhi kwanza. Maombi hayo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na hiyo ni nafasi ambayo majirani wengi huipoteza kwa sababu hawasomi matangazo.

Kibali chenyewe hutolewa na halmashauri. Kwa Dar es Salaam ni Jiji lenyewe, yaani eneo lililokuwa la Manispaa ya Ilala, au Manispaa ya Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Msingi wake ni Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni za udhibiti wa uendelezaji zilizotungwa mwaka uliofuata. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa kompyuta uitwao TAUSI, ulio chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mwombaji anaambatanisha uthibitisho wa umiliki na michoro, na kama ni ghorofa, pamoja na ramani ya mbunifu majengo lazima kuwe na michoro ya mhandisi inayoonyesha nguzo, mihimili na nondo. Ofisa mipango miji anaangalia kama jengo linaendana na mpango wa eneo, ofisa ardhi anaangalia umiliki, ofisa afya anaangalia vyoo, hewa na majitaka, mhandisi anapitia uimara, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linaangalia njia za kutokea na vifaa vya kuzima moto. Ndipo maombi yanaamuliwa.

Kando ya hayo, mradi mkubwa unaweza kuhitaji cheti cha mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo inasimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mkandarasi anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Mhandisi yuko chini ya bodi ya wahandisi, ERB, mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wako chini ya bodi yao, AQRB, na usalama wa vibarua walioko juu ya mbao uko chini ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Kila chombo kina kipande chake, na hapo ndipo jirani anapozungushwa. Akienda OSHA kulalamikia mpaka wa kiwanja, ataambiwa si kwao. Akienda manispaa kuuliza kama mkandarasi amesajiliwa, ataelekezwa CRB. Mwisho anachoka na kurudi nyumbani.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda daladala, jirani ajue anacholalamikia ni kipi: jengo kuwa kubwa kuliko kibali, mtu asiye na sifa kujenga, kelele na vumbi, barabara kuvamiwa, au nyumba yake kuathirika. Kila lalamiko lina mlango wake.

Kusoma bango

Uzio wa mabati ukishafungwa, kitu cha kwanza cha kutafuta ni bango la mradi. Si pambo. Linatakiwa kumtaja mmiliki, mbunifu, mhandisi mshauri, mkadiriaji, mkandarasi na namba za usajili. Lipige picha siku ya kwanza, maana mabango yana tabia ya kudondoka na kutorudi.

Ukiwa na majina hayo, bodi zote tatu zina orodha za waliosajiliwa, nazo ziko wazi kwa umma. Tazama pia daraja la mkandarasi wa majengo. CRB inawapanga kuanzia Daraja la Kwanza hadi la Saba, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi inayoruhusiwa. Kampuni ya Daraja la Saba ikionekana kwenye bango la jengo la ghorofa nane, pana jambo la kuuliza. Na mahali ambapo hakuna bango kabisa, wala mkandarasi, ila fundi na vibarua wanaolipwa kwa siku huku mwenye nyumba akiwaelekeza kwa simu, pana la kuuliza zaidi. Nawaheshimu mafundi wetu. Wamejenga sehemu kubwa ya jiji hili kwa mikono yao. Lakini nyumba ya chini na ghorofa ni kazi mbili tofauti.

Kwa nini idadi ya ghorofa si suala la karatasi tu

Baadhi ya watu huona kuongeza ghorofa moja au mbili juu ya kibali kama kosa dogo, la kulipa faini na kuendelea. Tupige hesabu. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Chukua jengo dogo, lenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 15, na sakafu ya ghorofa yenye unene wa sentimita 15. Sakafu hiyo moja ni mita za ujazo 22.5, sawa na tani 54. Hapo hatujaweka mihimili, nguzo, kuta za tofali, matangi ya maji, samani wala watu. Ghorofa sita za ziada ni tani 324 za sakafu peke yake, na uzito wote huo unashuka kwenye nguzo zilezile za chini na msingi uleule ambao mhandisi aliupigia hesabu ya jengo fupi.

Nguzo ya chini haioni kibali. Inabeba kinachowekwa juu yake mpaka pale inaposhindwa, na nguzo za zege zikizidiwa mara nyingi hukatika ghafla bila kumpa mtu nafasi ya kukimbia. Ndiyo maana jengo linaweza kusimama leo na kesho, watu wakaamini kwamba waliokuwa wanaonya ni waoga, halafu likashuka asubuhi moja.

Haraka nayo ina sehemu yake. Nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida siku ya 28 baada ya kumwagwa. Wiki ya kwanza inaweza kuwa imefikia kama theluthi mbili tu. Mbao na mirunda inayoshikilia sakafu mbichi ikitolewa mapema ili ikatumike ghorofa inayofuata, sakafu changa inabebeshwa mzigo ikiwa bado haijakomaa. Jirani asiye mhandisi anaweza kuliona hili kwa macho. Ukiona zege limemwagwa Jumamosi na Jumamosi inayofuata mirunda yote imeshapanda juu, andika tarehe na upige picha. Vivyo hivyo ukiona maji yanaongezwa kwenye zege kwa ndoo ili liteleze kirahisi. Maji yakizidi, zege hupungua nguvu, hata kama saruji ilikuwa ya kutosha.

Kanuni zinataka kazi ikaguliwe kwa hatua: msingi unapochimbwa, nondo zinapofungwa kabla zege halijazifunika, na kuendelea juu. Hatua ya nondo ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu zikishafunikwa hakuna anayeziona tena bila vipimo vya gharama. Halmashauri zetu zina wakaguzi wachache kwa maeneo makubwa wanayosimamia, na sitajifanya kwamba mkaguzi mmoja anaweza kufika kila kona. Lakini uchache huo ndio unaofanya jicho la jirani liwe na thamani. Yeye yupo pale kila siku.

Shimo la jirani na ufa wa ukutani kwako

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia kimyakimya. Msingi wa nyumba hubebwa na udongo ulio chini yake na pembeni yake. Mtu akichimba shimo refu karibu na mpaka, chini ya usawa wa msingi wako, anauondolea udongo huo kitu cha kuegemea. Udongo wa mchanga kama wa sehemu nyingi za pwani hutiririka kirahisi, hasa ukilowa. Tena shimo likifika kwenye maji ya ardhini, mjenzi huweka pampu kuyavuta mchana na usiku. Maji yanaposhuka, udongo unaoizunguka nyumba yako nao hujikaza na kushuka. Ndipo nyufa zinapoanza, mara nyingi za mshazari, zikianzia kwenye kona za madirisha na milango.

Mjenzi makini huzuia hali hiyo kwa kuweka ukuta wa kushikilia udongo kabla ya kuchimba, na hukagua nyumba za jirani mapema pamoja na wenyewe ili kila mmoja ajue hali ilivyokuwa. Asipofanya, ifanye mwenyewe. Siku unapoona mashine ya kuchimba inashushwa, zunguka nyumba yako na upige picha kila ukuta, ndani na nje, ukiweka gazeti la siku hiyo au rula kwenye picha. Ufa ukitokea, chora mstari wa penseli kwenye ncha yake ya juu na ya chini, uandike tarehe pembeni. Kisha paka kipande kidogo cha plasta ya jasi kukatisha ufa, kama upana wa viganja viwili, nacho ukiandike tarehe. Jasi ni kavu na haivutiki: ufa ukiendelea kutembea, nayo itapasuka. Baada ya wiki chache utakuwa na rekodi ambayo mhandisi anaweza kuisoma na baraza la ardhi linaweza kuipokea, badala ya maneno ya "nyumba yangu ilikuwa nzima kabla hawajaja."

Rekodi hiyo inamlinda mjenzi mwaminifu pia. Zipo nyumba zilizokuwa na nyufa za miaka, na yapo malalamiko yanayozaliwa na chuki ya mpaka au wivu wa kuona mwenzio anajenga. Ushahidi wenye tarehe hutenganisha haya mawili bila mtu kumtukana mwenziwe.

Kama milango imeanza kugoma kufunga ghafla, ufa unapanuka kwa saa na si kwa wiki, au unasikia mlio wa kukatika ukutani, usiandike barua. Toka na watoto, waite na wapangaji watoke, kisha piga 114 uwaite Zimamoto na Uokoaji.

Barabara ya mtaa

Ujenzi hauishii kwenye mabati. Lori la tani nyingi linapopita kwenye barabara ya mtaa iliyojengwa kwa ajili ya magari madogo, linavunja kingo na vifuniko vya mitaro. Kokoto zikimwagwa nje ya uzio, bodaboda zinaingia upande wa watembea kwa miguu, na watoto wa shule wanaingia upande wa magari. Mvua za masika zikianza Machi, ule mchanga unaishia kwenye mtaro, na maji yanahamia sebuleni kwa watu ambao hawajengi chochote.

Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Mwenye mradi anayetaka kutumia sehemu ya barabara au hifadhi yake, hata kwa muda, anahitaji ruhusa ya wakala husika; kibali cha ujenzi cha halmashauri hakimpi haki hiyo. Kwenye barabara zinazosimamiwa na TANROADS, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017 kupisha Barabara ya Morogoro, ambako hifadhi iliyodaiwa ilikuwa pana zaidi ya hiyo, wanajua uchungu wa kujenga kwanza na kuuliza baadaye. Wengi wao walikuwa wameishi pale miaka mingi, wameunganishiwa umeme na maji, na wanalipa kodi. Huduma kufika nyumbani haina maana kwamba nyumba iko mahali halali. Nasema hivi kwa huruma, kwa sababu serikali yenyewe ndiyo iliyowaacha wajenge.

Kwenye mitaa ya ndani uvamizi ni wa hatua ndogondogo: ngazi ya fremu inatoka nje nusu mita, mwenzake anatoka mita moja ili asifunikwe, wa tatu anaweka baraza. Baada ya miaka mitano gari la zimamoto halipiti. Aliyetoa ngazi ya kwanza hakuwa na nia mbaya, lakini mtaa mzima unabeba gharama yake siku moto ukizuka.

Na usisahau kuangalia juu. Nyaya za TANESCO za msongo wa kati, kilovolti 11 au 33, hupita mbele ya viwanja vingi. Ghorofa likifika usawa wake, kibarua anayegeuza nondo ndefu anaweza kuuawa bila hata kugusa waya, kwa kusogea tu karibu mno. Hili ni la kuripoti TANESCO mapema, ghorofa ya kwanza ikiwa bado inajengwa, ili nyaya zihamishwe au zikingwe.

Lini, kwa nani, na kwa maandishi

Muda una nguvu kuliko ukali wa barua. Kwenye hatua ya msingi, kubadilisha kitu ni suala la saruji kidogo na siku chache. Jengo likifika ghorofa ya tano, mwenye nyumba ameshakopa, ameshaingia ubia, ameshachukua kodi za mbele, na kila ofisa anayetakiwa kumsimamisha anaona fedha zinazoteketea. Hapo ndipo faini inapogeuka njia ya kuhalalisha.

Anza kwa mwenye mradi au msimamizi wake, kwa adabu, na shahidi mmoja awepo. Wengi husikia. Isipotosha, andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa ofisa mipango miji, mtendaji wa kata na diwani. Eleza kiwanja kilipo, unachokiona, tarehe na picha, na uombe mambo mawili: kwanza uthibitisho wa maandishi wa kibali kinaruhusu ghorofa ngapi na matumizi gani, pili ukaguzi wa eneo. Peleka nakala mbili ili yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni rahisi kupotea. Majirani kumi wakisaini barua moja, inasomwa tofauti na ya mtu mmoja anayeonekana kuwa na ugomvi wake.

Halmashauri ina mamlaka ya kutoa zuio, lile ambalo mitaani tunaliona kwa rangi nyekundu ukutani: "SIMAMISHA UJENZI". Na alama ya X, ya jengo la kubomolewa, tunaijua. Kinachonisikitisha ni kwamba rangi hiyo hufanya kazi haraka zaidi kwenye kibanda cha mama ntilie kuliko kwenye jengo la mwenye uwezo. Zuio likipuuzwa, mafundi wakahamia kufanya kazi usiku, hilo nalo lirekodiwe na kupelekwa kwenye ofisi ileile, na kwa bodi husika kama mkandarasi au mhandisi anajulikana. Mtaalamu aliyesajiliwa ana leseni ya kupoteza, kwa hiyo barua kwa ERB au CRB wakati mwingine hufanya kile ambacho rangi nyekundu imeshindwa.

Njia ya mahakama ipo, lakini ina mtego wa muda. Mgogoro na jirani mwenyewe unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, pamoja na maombi ya zuio la muda. Ukitaka kuishtaki halmashauri kwa kutotimiza wajibu wake, sheria inadai notisi ya siku 90 kwanza, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Ndani ya siku 90 mjenzi mwenye fedha anapandisha ghorofa kadhaa. Kwa sababu hiyo mawakili hutumia maombi yanayoitwa Mareva, ambayo yanaiomba mahakama ilinde hali iliyopo wakati notisi haijaisha. Mahakama zetu zimewahi kuyakubali. Yanahitaji wakili na ushahidi wa haraka, na asiye na uwezo anaweza kuanzia kwa watoa msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC.

Sipingi ghorofa. Jiji linaongezeka watu, na kuwapeleka wote Chanika na Kibaha huku viwanja vya katikati vikibaki na nyumba moja moja si jibu. Ninachodai ni kidogo na hakihitaji sheria mpya ya kutisha. Vibali tayari vinaombwa kwa kompyuta. Basi halmashauri ziweke wazi kwa kila kiwanja mambo machache ambayo si siri ya mtu: matumizi yaliyoruhusiwa, idadi ya ghorofa, tarehe ya kibali, mhandisi na mkandarasi, na tarehe ambazo mkaguzi alifika. Bei ya ujenzi na mpangilio wa vyumba vya mtu vibaki vyake. Idadi ya ghorofa nayo iandikwe kwenye bango kwa tarakimu kubwa, ili bibi anayeuza vitumbua ng'ambo aweze kuhesabu na kupiga simu pale hesabu inapozidi.